Maswali ya Wasomaji: Kuionyesha Bei, Kuupima Ubashiri

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaoandaa habari za masoko ya fedha kwa njia ya video, na baadhi kutoka kwa watazamaji wao. Nimechagua tano zinazogusa jambo ninaloliona kuwa zito: picha humshawishi mtu haraka kuliko takwimu, na kwa hiyo anayeishika kamera ana wajibu mkubwa zaidi kuliko anayeandika makala.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina miezi michache tu katika kazi ya kuandaa habari za video kuhusu masoko ya fedha. Kila siku naishia kwenye picha zilezile: skrini yenye tarakimu za kijani na nyekundu, dalali aliyeshika kichwa, jengo la soko la hisa likionekana kwa nje. Bei yenyewe haionekani. Nipige picha gani? – *Mwandishi chipukizi*

JIBU: Marahaba. Tatizo umelitaja mwenyewe: bei haionekani. Tunachokionyesha ni alama za pembeni, na nyingi kati ya hizo zimepitwa na wakati. Ukumbi uliojaa madalali wanaopigiana kelele ulikuwa ndio soko lenyewe zamani, lakini Nasdaq, soko la hisa la Marekani, ilianza mwaka 1971 ikionyesha bei kwa kompyuta bila ukumbi, na mjini London mageuzi ya Oktoba 1986 yaliwaondoa madalali ukumbini na kuwaketisha mbele ya skrini za ofisi zao katika muda wa miezi michache. New York ukumbi upo hadi leo, ila tarehe 23 Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya korona, na hisa zikaendelea kuuzwa na kununuliwa kwa takriban miezi miwili bila dalali hata mmoja kusimama pale. Ukimwonyesha dalali aliyeshika kichwa, umeonyesha sura ya mtu mmoja kwa sekunde moja, wala hujui alikishika kwa ajili ya nini.

Ifuate bei hadi ufikie kitu kinachoisukuma, kisha usimamishe kamera yako hapo. Chukua mfano wa tarehe 20 Aprili 2020, siku ambayo bei ya mafuta ghafi ya Marekani ilifunga ikiwa chini ya sifuri, yaani dola 37.63 hasi kwa pipa. Video nyingi za jioni ile zilionyesha mstari mwekundu ukiporomoka na kuivuka sifuri, na mtazamaji akabaki akijiuliza iwapo sasa atalipwa kwa kujaza tangi la gari lake. Kilichoporomoka kilikuwa ni mkataba wa mafuta ya kupokewa mwezi Mei, mkataba ambao muda wake ulikuwa unakwisha kesho yake. Aliyeushikilia hadi mwisho angelazimika kuyapokea mafuta yenyewe huko Cushing, katika jimbo la Oklahoma, mahali ambapo matangi yalikuwa yanakaribia kujaa na nafasi iliyobaki ilikuwa imekwishakodishwa, kwa kuwa magari na ndege zilikuwa zimesimama karibu dunia nzima. Waliokuwa na mikataba lakini hawana matangi wakawa tayari kulipa ili mtu mwingine awapokelee mzigo. Siku hiyohiyo mkataba wa Juni ulifunga ukiwa juu ya dola 20.

Hebu ifikirie habari hiyo kwa picha. Tangi la mafuta lenye paa linaloelea hueleza habari yote bila tarakimu hata moja, kwa sababu paa hupanda mafuta yanapoongezeka, na kivuli kinachoonekana ndani ya ukuta wa tangi hupungua kadiri linavyojaa. Picha iliyopigwa kutoka angani, ikafuatwa na chati yenye mistari miwili, mmoja wa Mei na mwingine wa Juni, ingemfanya mtazamaji aelewe kwamba kilichokosa thamani si mafuta, bali ni kulazimika kuyapokea siku ile mahali pale. Kila bei ina tangi lake. Kwa riba litakuwa ofisi ya mikopo, kwa shaba litakuwa ghala au mgodi, kwa hisa za kampuni ya usafirishaji litakuwa bandari. Kulitafuta ndiyo kazi yako.

SWALI: Ndugu mhariri, mkuu wangu wa kazi anataka kila mahojiano na mchambuzi yaishe kwa swali moja: soko litapanda au litashuka? Anasema mtazamaji hana muda wa kusikia kwamba inategemea. Mimi naona tunauza uhakika ambao hatuna. Nifanyeje? – *Mtayarishaji wa vipindi*

JIBU: Mkuu wako ana haki katika jambo moja, kwamba mtazamaji anastahili kujibiwa. Anapokosea ni pale anapodhani kuwa jibu lazima liwe neno moja.

Nieleze jambo lililonipata mwenyewe, kwa sababu lilinifundisha kuliko semina yoyote. Nilikuwa katika chumba cha uhariri na mahojiano ya mchambuzi mmoja makini. Alikuwa amesema hivi: “Endapo benki kuu itapunguza riba, na endapo bei ya mafuta haitapanda tena, huenda hisa za kampuni za ujenzi zikapanda kufikia mwisho wa mwaka.” Nilikuwa nimebakiwa na nafasi ya sekunde chache. Niliukata mkanda wa sauti baada ya neno “tena”, nikaanzia kwenye “huenda”, na chini ya picha nikaandika kwa herufi kubwa: HISA ZA UJENZI ZITAPANDA. Sauti ilisema *huenda zikapanda*, maandishi yangu yakasema *zitapanda*, na wengi hutazama video kwenye simu wakiwa wamezima sauti. Riba haikupunguzwa mwaka ule. Hisa zilishuka, na mchambuzi yule alinipigia simu kuuliza, kwa upole mkubwa, ni lini alisema maneno yale.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiviangalia viambishi vya lugha yetu kama mhasibu anavyoiangalia nukta ya desimali. Kiswahili kimetupa vyombo vya kutosha vya kupima uhakika: *zitapanda*, *zikipanda*, *huenda zikapanda*, *zingepanda*. Kila kimoja ni ahadi ya uzito tofauti, lakini katika vichwa vya habari vyote humezwa na *-ta-*. Hatari ni kubwa zaidi tunapotafsiri maneno ya wachambuzi wa nje ili kuyaandika chini ya picha, kwa kuwa katika lugha zao shaka hubebwa na neno moja fupi ambalo mfasiri mwenye haraka hulipita. Mtu alisema inawezekana. Sisi tunamwandikia kwamba ametangaza.

Na historia haitupi sababu ya kujigamba. Mnamo Oktoba 1929, Irving Fisher, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale na mmoja wa wachumi waliojulikana zaidi wa zama zake, alitangaza kwamba bei za hisa zilikuwa zimefika katika uwanda wa juu ulioonekana kuwa wa kudumu. Soko lilianguka siku chache baadaye. Fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha mwenendo wa bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, iliyokuwa imefikia 381 mwezi Septemba mwaka huo, iliteremka hadi 41 mwezi Julai 1932, na haikurudi ilikokuwa hadi Novemba 1954. Fisher hakuwa mjinga wala tapeli, na utajiri wake mwenyewe ulipotea katika anguko lile. Mwaka 1933 Alfred Cowles, mtafiti wa uchumi wa Marekani, baada ya kuyapima mapendekezo ya kampuni na majarida yaliyokuwa yakiuza ubashiri, alihitimisha kwamba ni vigumu kuthibitisha kuwa walikuwa na ujuzi kuliko bahati. Baadaye sana, mwanasaikolojia Philip Tetlock alikusanya kwa takriban miaka 20 bashiri zaidi ya 80,000 za wataalamu 284 wa siasa na uchumi, na mwaka 2005 akachapisha matokeo ambayo kila mtayarishaji wa vipindi anapaswa kuyafahamu: wataalamu waliotafutwa zaidi na vyombo vya habari walielekea kukosea zaidi ya wenzao wasiojulikana. Sababu si ngumu kuiona. Tunawaalika wanaosema kwa uthabiti, na anayesema kwa uthabiti mara nyingi amekwisha kuyafunga macho yake yasione upande wa pili.

Kwa hiyo badilisha swali, usiache kuuliza. Mwulize mchambuzi: ni kitu gani kikitokea kitakuonyesha kuwa umekosea? Swali hilo linampa nafasi ya kueleza masharti yake kwa uwazi, na linampa mtazamaji kitu cha kukiangalia katika wiki zinazofuata. Nimeona wazungumzaji wazuri wakinyamaza sekunde mbili tatu kabla ya kulijibu. Ukimya huo usiukate, una habari ndani yake.

Kwa upande wa picha, jifunze kwa Benki Kuu ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1996, na kwa miaka mingi, ilichapisha ubashiri wake wa mfumuko wa bei si kwa mstari mmoja bali kwa chati yenye umbo la upepeo uliokunjuliwa. Upande wa kushoto ni mstari mwembamba wa yaliyokwisha kutokea. Kuanzia siku ya leo mstari huo unafunguka na kuwa eneo pana lenye rangi, iliyokolea katikati na kufifia pembezoni, na upepeo mzima umechorwa ili matokeo yaangukie ndani yake mara 90 katika 100. Chati hiyo ni kama imetengenezwa kwa ajili ya video. Acha mstari utembee hadi leo, usimame kidogo, kisha uufungue upepeo polepole huku msimulizi akieleza. Mtazamaji ataona kwa macho yake kwamba kadiri tunavyokwenda mbali ndivyo tunavyojua kidogo.

La mwisho katika hili: masharti ya ubashiri na tarehe uliyotolewa viandikwe ndani ya picha yenyewe, si katika maelezo yaliyo chini ya video. Kipande cha sekunde 20 kitakatwa na kusambazwa na watu usiowajua, na kitafika miezi sita baadaye kwenye simu ya mtu anayetaka kuamua leo afanye nini na akiba yake. Tarehe iliyo ndani ya picha husafiri nayo.

SWALI: Juzi nilitazama habari iliyosema soko la Marekani limeanguka “kwa pointi nyingi kuliko wakati wowote”. Niliogopa sana. Kumbe halikuwa jambo kubwa kiasi hicho. Je, tulidanganywa? – *Mtazamaji*

JIBU: Hukudanganywa, ila hukusaidiwa. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones ilipoteza pointi 508, na tarehe 5 Februari 2018 ikapoteza pointi 1,175. Kwa kuhesabu pointi, siku ya pili ni mbaya zaidi ya mara mbili. Lakini mwaka 1987 pointi hizo 508 zilikuwa asilimia 22.6 ya thamani yote ya fahirisi, ambapo zile za mwaka 2018 zilikuwa asilimia 4.6 tu, kwa sababu fahirisi ilikuwa imekua mara nyingi katika miaka iliyopita kati ya siku hizo mbili. Mtangazaji anayetaja pointi bila asilimia ametoa nusu ya habari, na kwa kawaida ni ile nusu inayotisha.

Waandaaji wa video nawaomba pia wauangalie mhimili wa wima wa chati zao. Mteremko wa asilimia mbili ukichorwa kwenye mhimili unaoanzia karibu na bei ya chini ya siku hiyo utaonekana kama jabali. Si lazima kila chati ianzie sifuri, kwani chati ya bei ya siku moja ikianzia sifuri haitaonyesha chochote. Lakini basi weka kando yake chati ya mwaka mzima, kwa sekunde tatu tu, ili jicho lipate kipimo.

SWALI: Ndugu mhariri, katika matangazo ya moja kwa moja tunashindana kwa sekunde. Picha ikizagaa na soko likaanza kutikisika, tukisubiri kuthibitisha tumeachwa nyuma. Kuna njia ya kuwa wa haraka na waangalifu kwa pamoja? – *Mhariri wa matangazo*

JIBU: Kwanza tukumbuke uharaka huo umewahi kugharimu nini. Tarehe 23 Aprili 2013 wadukuzi waliingia katika akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press na kuandika kwamba milipuko imetokea Ikulu ya Marekani na Rais Barack Obama amejeruhiwa. Dow Jones ilishuka zaidi ya pointi 140 katika muda wa dakika chache, kisha ikarudi ilikokuwa uongo ulipobainika. Miaka 10 baadaye, tarehe 22 Mei 2023, ilisambaa picha ya moshi mweusi iliyodaiwa kuwa ya mlipuko karibu na Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani. Picha hiyo ilionekana kuwa imetengenezwa kwa akili mnemba, na hisa zikateremka kidogo kwa muda mfupi kabla ya idara ya zimamoto ya eneo hilo kukanusha.

Inaaminika kwamba miongoni mwa waliotangulia kuuza katika matukio kama hayo zilikuwamo kompyuta zilizopangwa kusoma habari na kutenda kabla binadamu hajamaliza sentensi. Hatuwezi kushindana na mashine hizo, na wala mtazamaji hakututuma tufanye hivyo. Mtu aliyeweka akiba yake katika hisa hapotezi kitu kwa kusikia ukweli dakika nne baadaye, ila anaweza kupoteza kingi akiuza kwa ajili ya uongo.

Njia ninayoipendekeza ni kutenganisha mambo mawili ambayo haraka huyafunga pamoja. Kwamba bei imeshuka ni jambo unaloliona kwenye skrini, na unaweza kulitangaza mara moja. *Kwa nini* imeshuka ni dai jingine kabisa, linalohitaji ushahidi wake. Mtangazaji anaweza kusema: “Hisa zimeshuka kwa asilimia moja katika dakika tano zilizopita, ipo picha inayosambaa ambayo bado hatujaithibitisha, na hatutaionyesha hadi tutakapofanya hivyo.” Hiyo ni habari kamili, tena ya haraka. Kuirusha picha huku ukiandika pembeni kwamba haijathibitishwa hakusaidii, kwa sababu jicho huamini kabla halijasoma.

Nyongeza fupi: hata siku za kawaida neno “kwa sababu” litumieni kwa uchache. Mara nyingi soko hupanda asubuhi na kushuka jioni huku habari ikiwa ni ileile, nasi tukaitaja kuwa sababu ya yote mawili.

SWALI: Nina hisa chache za kampuni moja ninayoiripoti mara kwa mara. Nilizinunua kabla ya kuanza kazi hii. Je, nina kosa? – *Mwandishi wa video*

JIBU: Kuwa nazo si kosa. Kosa huanza pale wewe unapojua na mtazamaji hajui. Katika miaka ya 1980 mwandishi mmoja wa safu ya masoko katika gazeti la Wall Street Journal alikuwa akiwadokezea madalali kitakachochapishwa kesho yake, nao wakinunua na kuuza kabla gazeti halijatoka. Yaliyoandikwa katika safu ile hayakuwa uongo. Hata hivyo alitiwa hatiani, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha hukumu hiyo, kwa kuwa alichokifanyia biashara kilikuwa mali ya gazeti. Wasomaji nao waliiamini safu bila kujua kuna waliokwisha kutangulizwa.

Video huongeza uzito wa jambo hili. Sauti yako, uso wako na utulivu wako mbele ya kamera ni sehemu ya ushawishi, na mtazamaji huviamini hata pale asipoelewa hesabu. Vyombo vingi vya habari vya fedha vina kanuni zinazomkataza mwandishi kumiliki hisa za kampuni anazoziripoti, au zinazomtaka atangaze anachomiliki na asikiuze kwa muda fulani kabla na baada ya habari yake. Zisome za kwako. Kama chombo chako hakina, mimi ningechagua mojawapo ya mawili: uziuze hisa hizo kwa idhini ya maandishi ya mhariri wako, siku ambayo huna habari ya kampuni hiyo mkononi, au umwachie mwenzako kuiripoti.

Kipimo hichohicho kitumike kwa wageni unaowahoji. Kabla kamera haijawashwa, mwulize mchambuzi kama yeye au kampuni yake inamiliki anachokisifia, na jibu lake liandikwe chini ya jina lake kwa herufi za ukubwa uleule wa cheo chake. Atakayekataa jibu hilo lionekane, naye asionekane. Na hisa zako, mweleze mhariri wako leo, kabla ya kupanga mahojiano yanayofuata.